Bahasha za harusi ya Kikorea: duka la kuchapisha la Oginga Odinga Street, Kisumu

Ukitaka bahasha za kutolea pesa harusini, nenda Oginga Odinga Street, kile chumba chembamba kati ya fundi simu na kinyozi. Mdogo wangu ameolewa na Mkorea, na wakwe waliomba jambo moja tu: zawadi za pesa zifuate desturi yao.

Kwao hakuna MC wa kuita watu mbele watoe. Mgeni hufika na bahasha nyeupe, jina lake limeandikwa wima upande wa nyuma, chini kushoto. Anaikabidhi kwenye meza ya mapokezi, ya bibi au ya bwana harusi, kisha kiasi kinaandikwa daftarini, maana familia hiyo nayo itatoa kiasi kama hicho zamu ya mgeni ikifika. Tarakimu ya kwanza huwa witiri: won 30,000, 50,000 au 70,000, na 100,000 pia ni sawa kabisa. Nne haiguswi, kwa sababu inatamkwa kama kifo. Na noti ziwe mpya.

Sasa, bahasha ya msiba huko Korea pia ni nyeupe. Kinachoitofautisha ni maandishi ya mbele. Kijana wa kompyuta alipoelezwa hivyo alikataa kuendelea. "Dada, lugha hii mimi siisomi. Tusije tukawagawia watu bahasha za matanga." Alitoa nakala moja tu, tukaipiga picha, tukamtumia shemeji. Kazi ilianza baada ya shemeji kuthibitisha. Uangalifu wa namna hiyo ndio unaonifanya niandike haya.

Karatasi ni nzito. Hata ukiiinua juani huoni kilichomo, na noti ya elfu moja inaingia bila kukunjwa. Shilingi 30 kila moja, bei ya haki. Gundi ndiyo hafifu: baadhi zilifunguka zenyewe, ikabidi tuzibandike upya usiku wa kuamkia harusi. Hilo walirekebishe.

Shangazi zetu wa Siaya, waliozoea kutuma mchango kwa kamati kupitia M-Pesa, walizipenda mno. Wengi waliweka 3,000 au 5,000, na mama mkwe alizipokea kwa mikono miwili, moja baada ya nyingine.

Jumamosi wanafunga mapema, kwa hivyo peleka kazi katikati ya wiki, na umwulizie huyo kijana wa kompyuta.