Riwaya ya "Replay": niliyoyapata kwa mtu aliyerudia maisha yake

Nilikinunua kitabu hiki kwa shilingi 7,000 kwa wauza vitabu vya mitumba, wale wanaovipanga chini kando ya barabara katikati ya Dar es Salaam. Kilikuwa kimechakaa na jalada lake limeshikiliwa na gundi, lakini maelezo ya nyuma yalinishika palepale: mtu anakufa akiwa na miaka 43, anazinduka akiwa na 18, na kumbukumbu zake zote anazo. Mimi nina miaka 42 na nimeachika. Kwa muda mrefu, usingizi ukinikataa, nimekuwa nikirudi kwenye jioni ile mshenga alipokuja kwetu, nikijiwazia kwamba naulizwa mimi mwenyewe, nami najibu sitaki. Wakubwa zangu huniambia yaliyopita si ndwele. Ni kauli njema, ila usiku haijawahi kunifaa.

Riwaya yenyewe inaitwa Replay, ya Mmarekani Ken Grimwood, na mwaka 1988 ilipata tuzo ya World Fantasy. Jeff Winston anafanya kazi ya habari redioni, New York. Tarehe 18 Oktoba 1988, saa saba na dakika sita mchana, anazungumza kwa simu na mkewe Linda. Ndoa imepoa siku nyingi. Linda anaanza kumwambia kuna kitu wanachokihitaji, na kabla hajakitaja, moyo wa Jeff unasimama. Anapofumbua macho yuko bwenini, Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, mwaka 1963. Hakuna mashine wala uganga, na mwandishi hapotezi hata ukurasa kueleza imewezekanaje. Nilimshukuru kwa hilo. Grimwood naye aliwahi kuwa mhariri wa habari redioni, Los Angeles, na inaonekana: Jeff anaikumbuka dunia kama mtu aliyeisoma kwenye taarifa ya habari miaka yote hiyo.

Sura za mwanzo zinakwenda mbio. Jeff anakumbuka kwamba farasi Chateaugay ndiye aliyeshinda Kentucky Derby ya 1963, anaweka fedha. Anakumbuka timu ya besiboli ya Dodgers iliwafunga Yankees michezo minne mfululizo, anaweka kubwa zaidi. Vijana wa mtaani kwangu wanaokesha na mikeka ya kubeti watazipenda mno kurasa hizi. Anajaribu hata kumwokoa Rais Kennedy: anaandika barua ya vitisho kwa jina la Lee Harvey Oswald, anayemkumbuka kama muuaji wa rais, ili akamatwe mapema, na kweli anakamatwa, lakini rais anapigwa risasi Dallas vilevile, na mtu mwingine. Hapo nikaanza kuelewa kwamba kitabu hiki hakikukusudia kunifurahisha tu.

Kisha anakuja Gretchen.

Katika maisha yale ya pili Jeff ni tajiri, ameoa mwanamke ambaye hawapatani, na wana binti huyo mmoja. Anampenda kwa namna ambayo fedha zote zile hazikumfundisha. Anautunza moyo wake kwa kila njia, kwa sababu anaijua saa. Oktoba 1988 inafika, dakika ni ileile, anakufa tena. Anazinduka 1963, kijana, mzima wa afya, na Gretchen hayupo. Nilikirudia kipande hicho mara tatu. Mtoto hakufa, kwa hiyo hana kaburi. Hana picha. Baba analia na hakuna hata mtu mmoja duniani wa kumpa pole, kwa kuwa msiba wake haujatokea. Kwetu sisi, tunaojua uzito wa watu kukaa na mfiwa mkekani siku tatu bila hata kuzungumza, ukiwa huo unaeleweka upesi.

Nilikifunga kitabu nikaenda chumbani kwa binti yangu. Ana miaka 16, alikuwa amelala na daftari la hesabu kifuani. Miaka yote ile ninamjibu mshenga sitaki, sikuwahi kuifuata njia ile hadi mwisho wake nikaona ni nani asiyekuwepo. Ningepata chuo, ningepata nyumba yangu mapema, ningekwepa maneno niliyoambiwa mbele ya wakwe. Na yeye asingekuwepo. Hilo sikulisoma popote kabla ya hapa, wala hakuna aliyewahi kuniambia. Sikuacha kujuta, baadhi ya mambo bado yananiuma. Lakini jioni ile sijairudia tena kichwani kwa namna ya zamani, na ni karibu mwaka sasa.

Katika mzunguko unaofuata Jeff anafunga uzazi kabisa, anamwoa mpenzi wake wa chuoni, na wanaasili watoto. Mwandishi alikuwa anaweza kuendelea tu na fedha na farasi. Akachagua kumfuata mtu huyu ndani ya hofu yake ya kuzaa, na ndiyo maana namheshimu.

Kuna Pamela pia, nami sitasema mengi kumhusu. Mwaka 1974 Jeff anaona inatangazwa filamu kubwa ambayo katika maisha yake yote yaliyotangulia haikuwahi kutengenezwa. Maana yake yupo mwingine anayerudia. Mapenzi yao yamejengwa juu ya jambo la kutisha: kila wakirudi, wanarudi mwaka wa baadaye kuliko mara iliyopita, na muda wa kuwa pamoja unazidi kupungua. Mwanzoni wana miaka mingi mbele yao. Baadaye unaanza kuhesabu miezi pamoja nao, na mimi nilijikuta nasoma polepole ili nisiwamalizie.

Mapungufu yapo. Wanawake wa sehemu ya kwanza wameandikwa vyembamba, kama vitu vya kupita machoni mwa Jeff, na hilo lilinichosha. Kuna maisha moja ya ulevi, dawa na anasa yenye mambo ya chumbani yaliyowekwa wazi, kwa hiyo si kitabu cha kumpa mtoto. Sehemu ya serikali kuingilia kati imeandikwa kwa haraka, kana kwamba mwandishi alitaka kurudi kwa Pamela. Na asiyejua habari za Marekani za miaka ya 1960 na 1970 atapitwa na majina mengi, ingawa hadithi haimwachi. Kiingereza chake ni chepesi. Mtu wa kidato cha nne anaweza kukisoma akiwa na kamusi pembeni.

Grimwood alifariki mwaka 2003 kwa mshtuko wa moyo, akiwa na miaka 59. Nilipolijua hilo nilikaa kimya muda.

Kuhusu nakala yangu: karibu na mwisho nilikuta kurasa kumi na mbili zimenyofoka. Nilirudi kwa muuzaji, akapekua rundo zima asizione. Ilibidi nilipie nakala ya kielektroniki ya kwenye simu ili nijue Jeff anaishia wapi, na baada ya kujua, sioni kama nilipoteza fedha hata kidogo. Ukikinunua cha mitumba, pitisha kidole kwenye kurasa zote kabla ya kulipa. Zile zilizopotea nimezinakili kwa mkono kwenye karatasi za daftari na kuzichomeka mahali pake. Binti yangu ameshaanza kukiulizia, nami nimemwambia akimaliza kidato cha sita atakikuta kabatini, kikiwa kamili.