Tochi ya kupimia mayai: kwa bukini inafaa, ila muuzaji usimsikilize

Nimeinunua Kariakoo elfu kumi na nane, ni kitochi cheusi cha kuchaji kwa waya wa simu, mdomoni kina mpira wa kukalishia yai. Mie nafuga bata bukini nyuma ya nyumba, dume mmoja na majike matatu, na nina mashine ndogo ya kutotoleshea. Msimu uliopita niliweka mayai kwa kubahatisha tu, siku ya ishirini na kitu moja likapasuka mlemle ndani, viza, aisee ile harufu ilihamia mpaka kwenye nguo za watoto. Ndo nikasema basi, natafuta tochi.

Sasa huyo muuzaji. Kaniambia yai likishatagwa tu unalimulika, linakuonyesha kama lina mbegu. Uongo mtupu. Yai la leo ukilimulika, lenye mbegu na lisilo nayo yote sawa, unaona kivuli cha kiini basi. Ukitaka kujua mapema inabidi uvunje moja moja uangalie juu ya kiini, lenye mbegu lina kidoa cheupe kilichozungukwa na duara, lisilo na mbegu ni kidoa kidogo tu hakina duara. Nilivunja mawili, yote yana duara, kumbe dume wangu anafanya kazi, nikayakaanga tukala (yai moja la bukini na mkate unashiba kabisa).

Halafu karatasi ya maelezo inasema pima siku ya 5. Hiyo ni ya kuku bana, kuku anatoka siku 21, bukini anaenda kama 30 na ganda lake nene, siku ya 5 nilimulika yote 11 sikuambulia kitu, nikawa nataka kuyatoa, mke wangu ndo akasema hebu yaache yanakula nini. Siku ya 9 usiku nikaingia nayo bafuni, taa nimezima, chini ya mlango nimeziba na kanga. Yai la kwanza tu, mishipa myekundu imetawanyika kama mizizi ya mchicha ukiung'oa, katikati kidoa cheusi kinachezacheza. Nikabaki nimelishika tu. Sita yalikuwa hivyo, matatu meupe peee hayana kitu, moja lina uzi mwekundu umezunguka duara, hilo ujue lilianza likafa. La mwisho sikulielewa nikaliwekea alama ya penseli, siku ya 14 likawa vilevile, nikalitoa.

Kasoro yake kubwa ni huo mpira, umepimwa kwa yai la kuku, la bukini linakaa juujuu mwanga unavuja pembeni unakupiga machoni. Nilichukua ndala iliyokatika nikaitoboa tundu la kutosha nikavisha pale mdomoni, sasa ipo poa. Mwanga wenyewe mkali na haupati moto, chaji inakaa, swichi tu imeanza kulegea.

Wametoka watano, wa sita alifia ndani ya ganda, ila hilo simlaumu tochi, umeme ulikatika siku mbili mfululizo. Nampa nyota nne. Ukikuta yenye mdomo mpana chukua hiyo hata wakizidisha elfu tano, ndala yako utabaki nayo.