Bolti imepotea, skrubu imelika: ununue wapi, ipi uikimbie

Gari la Kijapani lililokwisha kupita mikononi mwa mafundi watatu huwa halina nati zake zote. Langu, Toyota IST ya 2003, lilitoka gereji nimelipia maunti za injini, na kabla sijafika taa za kwanza nikasikia kava la chini linaburuza lami. Kuingia uvunguni nakuta bolti tatu tu, kwingine kote wamefunga waya. Nikapiga simu. "Zilikuwa hazipo tangu ulipolileta, bosi." Haya, tufanye hazikuwepo.

Tangu siku hiyo nimekuwa mteja mzuri wa bolti moja moja, na nimeshanunua mbaya za kutosha. Huu ndio mpangilio wangu, kuanzia ninapoanzia mimi mwenyewe mpaka kule ambako hata ukipewa bure usichukue. Ila kabla ya kutoa hela kuna kipimo kimoja, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotea.

Fundi akikwambia "kalete bolti ya kumi", anataja spana. Hataji bolti. Kwenye magari ya Kijapani, spana namba 10 inafungua bolti yenye unene wa milimita 6, namba 12 inafungua ya milimita 8, na namba 14 inafungua ya milimita 10. Dukani wao wanahesabu unene, na ya milimita 6 wanaiita M6. Ukiomba "ya kumi" utapewa dude nene kama kidole, urudi nalo mpaka gereji ukachekwe. Sema hivi: "nataka M6, inayofungwa na spana ya kumi, urefu sentimita mbili." Wenye magari ya Kijerumani hesabu yenu ni nyingine kidogo, kwa sababu M8 yenu kwa kawaida inataka spana 13.

Halafu kuna uzi, ambao mafundi wengi wanauita thredi. M6 karibu zote zina nafasi ya milimita 1 kutoka jino hadi jino, na M8 za kawaida zina 1.25, kwa hiyo huko hakuna shida kubwa. Mtego uko kwenye M10. Magari ya Kijapani yanapenda M10 ya 1.25, wakati duka la vifaa vya ujenzi limejaza M10 ya 1.5. Kwa macho ni pacha. Ukiiingiza inazunguka mara mbili hivi kisha inakaza, na fundi mwenye spana ndefu na haraka zake anaona imekaza vizuri, kumbe anaua uzi wa tundu. Dawa yake ni vidole. Bolti iliyo sahihi kwenye tundu safi inaingia kwa vidole mizunguko mitano au sita bila kugoma. Ikigoma mzunguko wa pili, itoe. Na ukiwa na sampuli, zilaze mbili ubavu kwa ubavu, meno ndani ya meno, uziinue kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya kati ya meno, hizo si ndugu.

Basi, ninaanzia kwa bolti ya mtumba iliyotoka kwenye gari kama lako. Ndiyo, mtumba. Bolti iliyofungwa kiwandani Japani, hata ikiwa na miaka 20, mara nyingi ni bora kuliko mpya isiyo na alama yoyote kichwani. Ina urefu wake, kola yake, na washa yake imeungana nayo haidondoki. Dar nenda Gerezani. Nairobi ni Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Kampala watu wanakwenda Kisekka. Wanaouza injini na bampa za magari yaliyokatwa wana kopo mahali fulani chini ya meza. Usiulize kama wana bolti, maana utaambiwa hakuna. Toa sampuli mfukoni useme, "Kaka, naomba nichambue kopo."

Kopo lenyewe huwa la rangi, limejaa nusu, kila kitu kimevaa oili nyeusi. Unamwaga kwenye kipande cha boksi, unapanga kwa kichwa kwanza, kisha kwa urefu. Kila inayofanana na yako unaipitishia ukucha kwenye meno, na ukucha ukikwama mahali au ukiteleza bila kuhesabu meno, hiyo weka pembeni. Tazama shingo, pale meno yanapoishia. Ikiwa nyembamba kuliko mwili, bolti hiyo ilishavutwa na mtu mwenye hasira. Kisha ibingirishe juu ya kioo cha simu au kigae. Iliyopinda inacheza kama yai. Ukimaliza, chukua mbili au tatu zaidi ya unazohitaji, kwa sababu bei yake ukiwa umechuchumaa pale ni ndogo kuliko nauli ya kurudi kesho. Nyumbani unazilaza kwenye mafuta ya taa usiku kucha, unapiga brashi ya waya.

Za mtumba ni kwa kava la chini, bampa, madigadi, boksi la filta ya hewa, bracketi, na nati za betri. Kwa bolti za silinda hedi, hapana, hasa zile zinazokazwa kwa digrii, kwa sababu zinafungwa mpaka zinavutika na baada ya hapo kazi yake imekwisha. Kwa kalipa za breki, usukani na mikanda ya usalama pia hapana. Bolti za mikanda, kwa taarifa yako, hata kwenye Toyota si za milimita kabisa; zina uzi wa inchi, saba ya kumi na sita, meno 20 kwa inchi. Ukiona mtu amelazimisha ya milimita pale, mkanda huo ni mapambo.

Nati za tairi zinanunuliwa sana mtumba na sina neno nazo, ila ziheshimu. Toyota ndogo, Honda, Mitsubishi na Mazda zinatumia 12 kwa 1.5, yaani unene milimita 12 na jino hadi jino 1.5. Nissan, Subaru na Suzuki zinatumia 12 kwa 1.25. Nati ya Nissan X-Trail ukiilazimisha kwenye Toyota Noah itaanza kuingia, na hapo umeua stadi, ile bolti ya gurudumu inayoshika nati. Mdomo wa nati nao una maana: Honda wamezoea wa mviringo kama mpira, wengi waliobaki wana wa umbo la pia, kama paa la msonge, na rimu za alumini za Toyota za kiwandani nyingine zinataka nati yenye shingo na washa bapa. Mdomo usipolingana na tundu la rimu, nati inakamata kwenye mstari mwembamba tu, na italegea. Ukishazibadilisha, endesha kilomita 50 au 100 kisha uzikaze upya.

Pa pili ni duka la nati na bolti tupu, lile lenye kuta nzima za vidroo. Huku unakwenda ukishajua kipimo, au ukiwa na mabaki ya bolti yako. Faida yake ni kwamba unachagua nguvu. Soma kichwani. Penye 8.8, namba ya kwanza mara mia ni nguvu ya kukatika, yaani nyutoni 800 kwa kila milimita ya mraba, na ya pili inakwambia itaanza kuvutika ikifika asilimia 80 ya hapo, yaani 640. Iliyoandikwa 4.8 inaanza kuvutika kwenye 320, nusu kamili. Kwa kazi nyingi za gari chukua 8.8, kama ya zamani imeandikwa 10.9, rudisha 10.9. Za Kijapani mara nyingi zina tarakimu moja tu kichwani, kwa mfano 4 au 7, na 7 usiibadilishe kwa kitu chini ya 8.8. Isiyoandikwa kitu? Ichukulie kuwa laini kama iliyoandikwa 4.

Muuzaji atakushawishi uchukue za stenlesi kwa sababu zinang'aa na sisi wa pwani tunachoka na kutu. Kwa vibao vya namba za gari na madigadi, sawa. Kwenye injini ya alumini naziogopa mimi mwenyewe, kwa sababu metali mbili hizi zikikutana kwenye chumvi na unyevu, alumini ndiyo inayoliwa, na bolti inaganda ndani ya tundu. Za kawaida zilizopakwa zinki zinatosha. Zipake grisi kidogo.

Pa tatu ni orijino kwa namba ya spea. Watu wanaogopa bei, na kwa bampa wana haki. Lakini kwa bolti moja ambayo ikiachia unapoteza injini, lipa. Mfano wangu ni washa ya bolti ya kumwagia oili kwenye Toyota nyingi za petroli: 90430-12031. Namba hizi zinazoanza na 90 zinasomeka. Kipande cha pili kikianza na 12, hiyo ni ya bolti ya milimita 12. Ukiona 08 kwenye bolti, ni M8. 06, ni M6. Ukijua hilo muuzaji hawezi kukuuzia isiyo yako akasema "zote ni moja". Na washa hiyo ni ya kutumia mara moja. Fundi anayeigeuza upande wa pili ndiye anayesababisha bolti ikazwe kupita kiasi ili isivuje, na sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, kufa uzi. Yenyewe haitaki nguvu nyingi, kama nyutoni mita 37 (kipimo cha nguvu ya kukaza) kwenye injini ya Vitz na IST, wakati nati ya tairi inataka 103. Mkono unaojua tairi tu utaiua.

Boksi la mchanganyiko linalouzwa mitandaoni, lenye vyumba na klipu za plastiki mia na ushee, nimeliweka la nne na nililinunua nikijua. Klipu zake zinafaa. Zile za bampa na kava huvunjika kila zinapotolewa, kwa hiyo kuwa na akiba ni jambo la akili, mradi upime tundu kwanza, maana ya milimita 7 haikai kwenye tundu la 8. Bolti za ndani yake ndizo zilizonisikitisha. Hazina alama, na moja ilikatika kichwa nikiwa nakaza kwa spana ya pete, taratibu kabisa, kwenye madigadi. Siku hizi zinashikilia rafu jikoni.

Duka la vifaa vya ujenzi la mtaani kwako ni la tano. Liko karibu, linafungwa usiku, na kwa namba ya gari M6 yake inatosha. Kwa kingine chochote rudi juu ya mpangilio huu.

Kama tatizo ni skrubu iliyolika kichwa, usikimbilie kununua mpya kabla hujajua kwa nini ililika, la sivyo utanunua tena. Skrubu za nyota za Kijapani, nyingi zikiwa na kinukta kidogo kichwani, zina kina tofauti kidogo na bisibisi nyota ya kawaida. Ya kawaida haifiki chini ya tundu, inapanda na kuteleza, na kila ikiteleza inakata pembe. Wenye Honda wanazijua skrubu mbili zinazoshikilia diski ya breki: M6, urefu milimita 14, kichwa cha kuzama. Hapo bisibisi ya mkono ni kujisumbua. Tafuta ile ya kugonga kwa nyundo, inayozunguka kidogo kila ukiipiga. Ikishindikana, fundi aitoboe kichwa, na gari litatembea salama hata bila skrubu hizo, kwa kuwa diski inabanwa na rimu na nati za tairi. Mpya zake ni za bei ndogo.

Tundu likifa uzi, hakuna bolti ya kununua, mpelekee mchongaji wa vyuma. Anatoboa tundu kuwa kubwa zaidi, anachonga uzi mpya, anaingiza koili ya chuma ambayo ndani yake bolti yako ya zamani inarudi na kipimo kilekile. Kwenye alumini uzi huo unakuwa imara kuliko wa mwanzo. Utaletewa pia bolti ya oili iliyonenepeshwa, inayojikatia uzi yenyewe. Inaziba, mara moja au mbili. Mara ya tatu inatoka na vumbi la sampo lako.

Zimebaki skrubu za gypsum, zile nyeusi ndefu za fundi dari. Hizi sijazipa namba. Nilizikuta nne kwenye bampa la nyuma la IST, zimepigwa kwa drili pale ambapo klipu ya plastiki ingetosha. Ilinichukua Jumamosi nzima kuzitoa, tatu zimeganda kwa kutu, ya nne imetoboa waya wa taa ya namba. Klipu nilizoweka badala yake zilitoka kwenye kopo la Gerezani, na yule kaka aliniongezea mbili juu.