Tableti ya kuchorea: isiyo na skrini au yenye skrini?

Kwa isiyo na skrini, mkono uko mezani, macho yako kwenye kompyuta. Siku za mwanzo mistari hupotea njia, na wengi huilaumu kalamu. Wakati mwingine tatizo ni uwiano wa upana kwa kimo: eneo la kuchorea likiwa 16:10 na skrini 16:9, duara hutokea limetanuka kwa upana kama yai. Ingia kwenye mipangilio ya draiva (programu inayounganisha tableti na kompyuta), washa chaguo la kulinda uwiano, kisha chora maduara 20 kwa kuzungusha mkono kutoka begani, si kwenye kifundo.

Yenye skrini huzoeleka upesi, maana unaona mstari pale pale ncha ilipo. Lakini kioo kikiwa kinene, mstari hukaa kando kidogo ya ncha, hasa pembezoni. Rekebisha ulinganifu wa kalamu ukiwa katika mkao uleule unaochorea. Ukiilaza tableti bapa, shingo itauma. Iinue kwa stendi.

Ngazi 8,192 za mgandamizo (jinsi kalamu inavyopima nguvu ya kubonyeza) hupatikana kwa aina zote mbili, zisikubabaishe. Anayeanza tunamshauri achukue isiyo na skrini: ni nafuu, mgongo hubaki wima, na ncha ikilika hadi kuwa kali, haikwaruzi kioo.