SpamAssassin kwenye seva ya Windows: wiki moja ya raha, halafu barua za Mombasa zikapotea

SpamAssassin ni programu ya bure ya kuchuja spamu, yaani barua taka. Nilitaka kuipa nyota tano. Baadaye nikataka kuipa sifuri. Sasa hivi hata mwenyewe sielewi, someni tu.

Ofisi yetu iko Industrial Area hapa Kampala, kazi yetu ni kukomboa mizigo, na barua pepe zote zinakaa kwenye hMailServer, programu ya seva ya barua pepe, ndani ya kompyuta moja ya Windows iliyo chini ya kabati la mafaili, jirani na chupa ya chai. Spamu zilikuwa zimetuchosha. Unafungua asubuhi unakutana na mirathi ya jenerali aliyefariki, ankara za kampuni ambazo hatujawahi kufanya nazo biashara, vidonge vya nguvu za kiume, na Hajati bosi wetu anakufowadia zote akiuliza "hii nayo ni yetu?" Kulipia ulinzi kila mwezi kwa kila mfanyakazi akakataa, akasema tafuta ya bure. Tukamwita kijana mmoja anayejiita konsaltanti, akaja na laptopu yake, akafunga SpamAssassin ile ya Windows, akaiunganisha na hMailServer kwa poti 783, akala chapati zetu mbili, akaondoka na nusu ya hela.

Wiki ya kwanza banange, raha! Kimya. Jenerali kaondoka na mirathi yake. Hajati akanisifu mbele za watu, kitu ambacho hakijawahi kutokea.

Halafu dereva wetu akapiga simu kutoka Malaba, pale mpakani na Kenya. Amelala pale siku ya pili, wakala anamwambia karatasi za mzigo alishazituma ofisini. Huyu wakala ni mzee wa Mombasa, mstaarabu kupita kiasi, barua zake zote ni za Kiswahili na zinaanza na salamu nusu ukurasa kabla hajaligusa kontena. Natafuta kwenye Inbox, hakuna. Junk, hakuna. Nikamwambia kwa simu mzee labda umekosea anwani. Akanyamaza kidogo, akasema taratibu, "Mwanangu, anwani hii naiandikia mwaka wa sita huu, na nimetuma mara tatu." Mpaka leo nikikumbuka naona aibu.

Nikaingia kwenye seva na hasira zangu. Kumbe fundi aliweka ruli kwenye hMailServer kwamba barua yoyote iliyotiwa alama ya spamu ifutwe. Sio ihamishiwe Junk, IFUTWE. Nikaizima, nikamwomba mzee atume tena mara ya nne, ikaingia, nikafungua zile hedaz za juu ambazo watu hawazisomi, na pale kwenye mstari wa X-Spam-Status, ambapo SpamAssassin inaandika sababu zake, nikakuta hili neno: UNWANTED_LANGUAGE_BODY. Lugha isiyotakiwa! Salamu za mzee wa watu, natumai hamjambo nyote na kazi zinaendelea, zimepewa alama 6 wakati spamu inaanzia 5.

Hapo nikaitukana hiyo programu na walioiandika na hiyo lugha yao ya programu, Perl, yote. Nikawa tayari kuwaandikia hapa msiiguse, inadharau Kiswahili chetu.

Nikaja kusoma vizuri usiku nyumbani. Aisee. Hiyo kitu inayokagua lugha inaitwa TextCat na haijiwashi yenyewe! Inakuja imezimwa, mtu lazima aingie kwenye faili ya v310.pre afute alama ya # kwa mkono wake. Na hata ukiiwasha, inakubali lugha zote mpaka mtu aandike mstari wa ok_languages na kuzitaja anazozitaka. Kiswahili kimo kwenye orodha yao, ni herufi mbili tu, sw. Jamaa aliandika en peke yake, na chini yake akaipandishia alama hadi 6. Kwa makusudi.

Nikampigia. Akacheka! Akasema "ssebo, nani anaandika barua za ofisi kwa Kiswahili hapa Kampala, hicho si cha askari na wezi?" Nimekulia Kampala, hayo maneno nayasikia tangu utotoni, lakini kuyasikia kutoka kwa mtu niliyemlipa, huku gari langu limelala Malaba, ni kitu kingine. Katiba ya nchi hii ilirekebishwa 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, yeye kwenye local.cf yake, faili ya mipangilio ya SpamAssassin, anakitupa jalalani pamoja na vidonge.

Kurekebisha nako kulinitoa jasho. Naongeza sw, nasevu, nawasha upya sevisi, hakuna kitu. Tena, hakuna kitu. Saa nzima! Kumbe Notepad ilikuwa inasevu local.cf.txt na Windows inaficha hiyo txt ya mwisho, yaani nilikuwa nahariri faili ambayo hakuna anayeisoma. Halafu nikakumbuka Luganda, na Hajati anaandikiana na wateja wa soko la Kikuubo kwa Luganda, nikatazama orodha, Luganda haimo kabisa. Nikarudisha # yao, nikaizima TextCat yote, basi.

Kilichobaki ni kuifundisha. Sehemu ya Bayes, ile inayojifunza kutofautisha spamu na barua nzuri, haianzi kazi mpaka uipe barua mbaya 200 na nzuri 200, kwa hiyo mimi na dada wa mapokezi tulikaa jioni tunachambua kama mchele, na barua za mzee wa Mombasa nilizipeleka zote kwenye nzuri, na salamu zake.

Sasa inafanya kazi, lazima niseme ukweli. Spamu moja mbili zinapenya, Kiswahili kinapita. Nyota nne basi. Au tatu, maana ukiwa mtu wa Windows wa kubofya-bofya, hizi faili za maandishi zitakutesa. Hapana, nne, kosa halikuwa lake.

Fundi anadai nusu yake iliyobaki. Nimemwambia alete ankara, na aiandike kwa Kiswahili.