Kupima ECG Tabora ukiwa mzee: daktari safi, ngazi mbaya

Kliniki hii ni ya binafsi, iko mjini kati. Jina naliacha kwa sababu nina malalamiko nayo. Ila kwa kipimo cha ECG, kile cha kuandika umeme wa moyo kwenye karatasi, sijaona wanaokifanya kwa umakini kama wao, na mimi ni mstaafu wa reli mwenye presha, nimeshalazwa kwenye vitanda vingi.

Sikupelekwa na maumivu ya kifua. Binti wa mdogo wangu alizimia huko Dar es Salaam, akapimwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, akakutwa na kasoro ya kurithi ya umeme wa moyo iitwayo QT ndefu, akaanzishiwa propranolol, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo. Ndugu wa damu tukaambiwa tupime. Wazee wenzangu hapa Isevya walinicheka: una miaka 68, ugonjwa wa kurithi wa nini tena, si ungekuwa umeshakuondoa?

Daktari hakucheka. Alisema QT ni muda ambao vyumba vya chini vya moyo vinatumia kupiga na kujiandaa kwa pigo lingine. Nikamwelewa kireli: signali ikichelewa kurudi, treni ya nyuma haitakiwi kuingia. Mtu anaweza kuzeeka na kasoro hiyo bila dalili, kisha ikaamshwa na dawa ya presha ya kukojoza inayoshusha madini ya potasiamu mwilini, au kuharisha sana, au kwinini, au zile antibiotiki za erithromaisini na azithromaisini tunazojinunulia duka la dawa bila cheti. Mzee akianguka, nyumbani watasema presha, au uzee tu. Halafu akisharithi yeye, kila mtoto wake ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuwa nayo. Kwa hiyo sikupima kwa ajili yangu peke yangu.

Akanibana: nani kwenye ukoo alikufa ghafla? Nikamtaja baba mdogo, aliyezama bwawa la Igombe akiwa kijana, naye alikuwa muogeleaji hodari. Sisi tulisema karogwa. Daktari akasema aina moja ya QT ndefu hujulikana kwa kuchokozwa na kuogelea. Kwamba ndiyo iliyomuua, hakuna wa kuthibitisha leo, lakini aliandika kwenye faili.

Kipimo chenyewe kilifanywa na nesi mdogo kuliko wajukuu zangu. “Shikamoo babu, naomba uvue shati.” Akanifuta jasho, akabandika vinasio sita kifuani na vinne mikononi na miguuni. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka, mistari ikatoka imechafuka. Wengine wangenipa hivyo hivyo. Yeye alinifunika kitenge, akaniacha nitulie, akarudia.

Mashine huandika majibu yake juu ya karatasi. Daktari aliyapita, akachukua rula. Karatasi inakwenda milimita 25 kwa sekunde, kijisanduku kimoja kidogo ni sekunde 0.04, akahesabu mwenyewe na kurekebisha kwa kasi ya mapigo. QT yangu ikawa milisekunde 466. Kwa mwanaume, kuvuka 450 ni ndefu. 500 ndiyo ya hatari zaidi. Akaagiza potasiamu ya damu, akanibadilishia dawa ya kukojoza, akasema bado si hukumu. Wanangu nao wapime, na karatasi safi isiwadanganye, maana baadhi ya waliorithi ECG yao husomeka sawa.

Sasa malalamiko. Kliniki ya moyo, chumba cha ECG kiko ghorofani, ngazi zimesimama wima na hazina pa kushika! Mapokezi wanaita kwa sauti, “Yule mzee wa moyo aje,” na benchi zima linageuka. Bima hawapokei, nililipa 30,000 taslimu. Pia karatasi ya ECG ni ya kuchapwa kwa joto, hufifia ikikaa. Wao hawakuniambia, kaniambia kijana wa steshenari nilipokwenda kutoa kopi. Toeni kopi siku hiyo hiyo, anayekuja kuwapima baadaye atahitaji kulinganisha.

Mkienda, bebeni dawa zenu zote mfukoni, hata za kienyeji, atazitaka mezani. Na muulize kwanza kama daktari yupo, kwa sababu huwa Jumanne na Alhamisi. Siku nyingine unaondoka na maandishi ya mashine peke yake, na kwa hayo mimi nisingepanda zile ngazi.