Maiti iko sakafuni, wasomaji wanachungulia chumba cha kulala

Nyota mbili. Nilikusudia kutoa moja, ila kuna sura ya hospitali iliyonishika mkono. Nitaifikia. Kwanza hasira, maana sijazimaliza tangu tulipokutana kikundi chetu cha wasomaji kuijadili riwaya hii.

Hadithi yenyewe ni hivi. Mhasibu amekutwa amekufa ndani ya ghala lililofungwa kwa nje. Anayechunguza ni mwanamke wa makamo aliyeacha kazi ya polisi, goti bovu, ulimi mkali, na anaishi na mwanamke mwenzake ambaye ni muuguzi. Wanapendana, wanagombana kuhusu nani atoe taka, wanalala. Basi. Hilo la kulala ndilo lililowachanganya wasomaji. Nimesoma maoni mengi ya watu, na ukiyachambua unabaki na mafungu mawili tu. Kuna wale wa "hadithi nzuri, ila ya nini kutuletea usagaji?" Na kuna wale wa "hatimaye!", ambao wameshatoa nyota tano kabla marehemu hajazikwa. Mhasibu wa watu yuko chini tangu ukurasa wa kwanza, na hakuna anayemtazama.

Mimi ugomvi wangu ni ukurasa wa 61.

Mpelelezi ameingia ghalani peke yake. Anapiga magoti, goti linalia, anatusimulia kila anachokiona: vumbi la rafuni limefutwa upande mmoja, kuna alama ya kisigino, mpaka buibui aliyekaukia dirishani anatajwa. Halafu anainua pembe ya turubai, anaokota kitu, anakitazama kwa muda mrefu, anakitia mfukoni mwa koti. Sura imekwisha. Kitu gani? Kimya. Na kumbuka anasimulia mwenyewe, kwa "mimi". Tumo ndani ya kichwa chake, tunajua hata chai aliyokunywa asubuhi ilikuwa imepoa. Alichokishika mkononi tu ndicho hatustahili kukijua, na hatukijui mpaka sura ya mwisho.

Mwaka 1929 Ronald Knox, padri aliyekuwa pia mwandishi wa hadithi za upelelezi, aliandika amri kumi za fani hii, na ya nane inamtaka mpelelezi amwonyeshe msomaji kila kidokezo anachokipata. Waandishi wa Uingereza walioanzisha Detection Club mwaka 1930 walikwenda mbali zaidi, wakawa wanamwapisha mwanachama mpya kwamba hatamficha msomaji kidokezo muhimu. Kiapo kilikuwa na utani ndani yake, lakini hilo halikuwa la utani. Riwaya ya upelelezi ni mashindano kati yangu na mwandishi. Ukificha karata chini ya meza hujashinda, umeiba.

Haya ndiyo niliyoyasema kikundini, kwa sauti ya kawaida kabisa. Mwenyekiti wetu akaniangalia juu ya miwani yake, akasema: "Dada, sema tu huwapendi wanawake wa namna hiyo. Usijifiche nyuma ya turubai." Watu wakacheka. Mimi niliyeitetea hiyo ndoa yao tangu mwanzo wa kikao! Na kabla sijajibu, bwana mmoja aliyekaa upande wa pili akanitikisia kichwa kwa huruma, kama vile tumetoka kijiji kimoja, akasema nimenena vyema, mapenzi hayana nafasi katika upelelezi, hasa mapenzi ya aina hiyo. Sijui nani kati yao aliniudhi zaidi. Nadhani bwana. Hapana, mwenyekiti, kwa sababu yeye kitabu alikuwa amekisoma.

Nianze na bwana. Hoja yake ni ya zamani. Mwaka 1928 S. S. Van Dine, mwandishi wa Marekani wa riwaya za upelelezi, alitoa kanuni zake ishirini, na ya tatu ilipiga marufuku mapenzi: kazi ni kumfikisha mhalifu mahakamani, si kuwafikisha wapenzi kwenye ndoa. Sawa. Nani aliifuata? Miaka miwili tu baadaye mwandishi Mwingereza Dorothy L. Sayers alimfanya mpelelezi wake, Lord Peter Wimsey, ampende Harriet Vane, mwanamke aliyekuwa kizimbani kwa kesi ya mauaji, na alipofika kuwaozesha mwaka 1937 akaandika waziwazi kwenye jina la kitabu kwamba ni hadithi ya mapenzi inayokatizwa na upelelezi. Sam Spade, mpelelezi wa riwaya ya Dashiell Hammett, naye alilala na mteja wake kisha akamkabidhi kwa polisi, na wanaume wanamsoma mpaka leo bila kulalamika kwamba kitanda kimewaharibia kesi. Kwa hiyo kinachomkera bwana yule si mapenzi. Aseme tu.

Na wa "hatimaye" nao wapunguze vigelegele. Kate Delafield, mpelelezi wa polisi wa Los Angeles katika vitabu vya Katherine V. Forrest, alianza kazi mwaka 1984. Lindsay Gordon wa Val McDermid, mwandishi wa habari kutoka Uskoti, alifuata mwaka 1987. Mpelelezi mwanamke anayempenda mwanamke mwenzake ana umri wa kutosha sasa kudaiwa kazi safi kama wenzake.

Sasa hospitali. Anayeogopa kuharibiwa mwisho aiache aya hii na inayofuata. Mpelelezi amegongwa na gari, amepoteza fahamu. Mwenzake, muuguzi, anafika mbio, na karani wa mapokezi anamuuliza: "Wewe ni nani yake?" Wamekaa pamoja miaka tisa. Anajibu, karani anaandika "rafiki", anamwonyesha benchi la koridoni. Baada ya muda anakuja kaka wa mgonjwa, mtu ambaye hajawatembelea tangu walipohamia pamoja. Anapitishwa moja kwa moja, na anatia sahihi kwenye daftari la mali za mgonjwa: koti, viatu, saa. Muuguzi yuko benchini, daftari limeachwa wazi kaunta, hana cha kufanya ila kulitazama. Ile sahihi anaiona vizuri, herufi ya kwanza imepinda kama ndoana na chini kuna mistari miwili. Niliisoma sura hiyo nimesimama. Hakuna anayelia humo, hakuna hotuba. Kuna kalamu iliyofungwa kwa uzi, na mwanamke anayejua dawa zote za mgonjwa wake ambaye haruhusiwi hata kubeba viatu vyake.

Na kitu cha ukurasa wa 61? Risiti ya fundi wa kufuli, ya kubadilisha kitasa cha ghala siku moja kabla ya kifo, yenye sahihi ya ndoana na mistari miwili. Muuaji ni kaka. Umeona? Wanaotaka mapenzi yaondolewe wajue wakiyaondoa hakuna anayekaa kwenye lile benchi, hakuna anayeiona sahihi, na kesi haifumbuliwi. Kidokezo na mapenzi ni kitu kimoja. Ni ufundi wa hali ya juu, na mwandishi ameuchezea! Angetuonyesha risiti ghalani, pale kaunta ningeruka kutoka kitini. Ningejua kabla ya mpelelezi mwenyewe, pamoja na muuguzi, mimi na yeye tu. Raha hiyo nimenyang'anywa.

Kijana mmoja wa kikundi, mpole, alinifuata nje akanipa utetezi ambao karibu unibadilishe. Alisema mpelelezi aliificha risiti kwa sababu aliitambua sahihi ya kaka yake, akashindwa kuikubali, na mtu anayejificha ukweli mwenyewe hawezi kutusimulia sisi. Nilikaa na wazo hilo siku kadhaa, nikapandisha nyota hadi nne. Kisha nikarudi kusoma. Jioni ile ile anakwenda kula kwa huyo kaka, na njia nzima anamwaza mlinzi: mlinzi alikuwa wapi, mlinzi ana deni gani. Hayo ni mawazo yake, si maneno anayomwambia mtu. Kama aliitambua sahihi, basi mawazo hayo ni uongo aliotungiwa msomaji. Kama hakuitambua, hakukuwa na sababu ya kutuficha karatasi. Achague moja.

Kwa hiyo zimerudi mbili. Tatu ukisoma sura ya hospitali peke yake, na ninakushauri uisome hata kama mengine utayaacha. Mwenyekiti nimemwandikia ujumbe mrefu wenye haya yote, na kumwomba anitajie ukurasa mmoja tu, kabla ya ule wa mwisho, ambapo msomaji anaonyeshwa risiti. Amenijibu kwa kunitumia tarehe ya kikao kijacho.